Kwanza, na Mchoro wa Msikiti Mdogo



Wasomaji wapenzi, kina mama, kina baba na vijana wetu, juma hili nitawachukua mbali na bahari. Nitawapeleka Kwanza, mji mdogo ulio kaskazini mwa Kitale katika kaunti ya Trans Nzoia, ambako nilikaa siku kumi na mbili katika mwezi wa Rajabu. Nilikwenda kumzuru binti wa dada yangu aliyeolewa huko, nami nikidhani kwamba mimi ndiye nitakayefundisha. Nimerudi nikiwa mwanafunzi, tena mwanafunzi aliyekosolewa, na nimeona si insafu kuificha habari hiyo.

Kutoka Mombasa hadi Kitale ni safari ya usiku na mchana. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, lakini msafiri wa leo hutegemea basi, kupitia Nairobi, Nakuru na Eldoret. Mji wenyewe uko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,900, na mtu wa Pwani huutambua urefu huo usiku wa kwanza, anapoomba blanketi la pili. Upande wa magharibi umesimama Mlima Elgon, mita 4,321, nusu yake Kenya na nusu Uganda. Mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa, na kila ua ulikuwa na turubai lililoanikwa punje za rangi ya maziwa. Waislamu wa pande hizi si wengi, lakini si wageni. Katika karne ya 19 misafara ya watu wetu wa Pwani ilikuwa ikifika kwa Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga, na kutoka Mumias dini ikaenea polepole kuelekea miji mingine ya magharibi, Bungoma na Kitale ikiwemo.

Msikiti niliokuwa nikisali ni mdogo, wa matofali na mabati, ndani ya kiwanja cha futi 50 kwa 100. Wanaume husali ukumbini. Wanawake wana kibanda cha mabati kilichoegemezwa ukuta wa nyuma, karibu na mahali pa kuwekea viatu. Kwa muda mrefu walikuwa wakiomba wapatiwe chumba chao, na kwa muda mrefu jawabu lilikuwa moja: nafasi haipo. Ijumaa yangu ya kwanza wazee wa kamati waliniomba, kwa kuwa mimi ni mgeni na kauli ya mgeni husikizwa, nizungumze na kina mama hao.

Nilisimama langoni, nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Pembe ya ukumbi ilikuwa karibu kuligusa ua la magharibi, na upande wa mashariki ndiyo njia ya waumini wote. Nikaona yametosha. Nikawaendea kina mama, nikawazungumzia habari za subira, nikawaambia kiwanja ni finyu na Mwenyezi Mungu atawafungulia mlango mwingine. Walinisikiliza kwa adabu. Bibi mmoja mtu mzima, aliyekaa kwenye mkeka nje ya kibanda juani, alisema maneno mawili tu: "Tumekusikia, Shekhe."

Usiku ule, baada ya chakula, mpwa wangu aliondoa vyombo, akakaa. Yeye hufundisha uchoraji wa majengo katika chuo kimoja cha ufundi, na ana tabia ya kunyamaza kabla ya kusema jambo zito.

"Mjomba," akaniambia, "niwie radhi, sikusudii kukuvunjia heshima. Ile nafasi uliyosema haipo, uliipima?"

"Niliiona kwa macho yangu, mwanangu."

"Basi nichoree ulichokiona."

Akaniletea karatasi na penseli. Nikachora mstatili mkubwa, ndio kiwanja, na ndani yake mstatili mdogo, ndio ukumbi, kuta zake zikienda sambamba na ua. Akautazama mchoro, akatabasamu. "Mjomba, msikiti huu umeugeuza kibla."

Nilishtuka. Nimesomesha ilmu ya falaki miaka mingi, na najua kwamba Mombasa na Makka zimekaribia mno kuwa katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hata mtu wa Mombasa akielekea kaskazini amekwisha elekea kibla. Kwanza iko magharibi zaidi kwa karibu nyuzi tano za longitudo, na kwa hiyo kibla chake hukiacha kaskazini na kuelemea mashariki kwa nyuzi zipatazo 13. Al-Biruni aliandika kitabu kizima, alichokimaliza mwaka 1025, juu ya kutafuta mahali ilipo miji, na kibla kilikuwa miongoni mwa haja zake. Hayo yote nayajua, na asubuhi ile ile nilikuwa nimesali nikielekea upande huo. Lakini mkono wangu uliposhika penseli, ulichora ulichokizoea. Ua la kiwanja linakwenda kaskazini sawasawa, ukumbi umepinda kufuata kibla, nami nikavinyoosha vyote viwili kwa kuwa akilini mwangu kila jengo lazima lifuate ua wake.

Kesho yake baada ya alfajiri tulianza kazi. Vyombo vyake ni vichache: utepe wa kupimia wa mita 30, mwingine mdogo wa mita tano, kamba, ubao, rula, pembetatu mbili za plastiki, bikari, kifutio, na penseli mbili, moja ngumu ya mistari myembamba na nyingine laini. Karatasi zenyewe huuzwa katika maduka ya vitabu ya Kitale. Hapana chombo kinachomshinda mtu wa kawaida.

Alinieleza kwamba jengo huchorwa kwa michoro mitatu, na kila mmoja husema usilosemwa na wenzake. Wa kwanza ni ramani ya sakafu. Nyumba hukatwa kwa mawazo, kwa msumeno uliolazwa, usawa wa kifua cha mtu. Sehemu ya juu huondolewa, na mtazamaji huangalia chini kutoka juu kabisa. Hapo huonekana unene wa kuta, milango na madirisha. Wa pili ni mkato. Hapa msumeno husimama wima, na nyumba hupasuliwa kama papai, tukaona ndani yake: urefu wa dari, kimo cha dirisha, mteremko wa paa. Wa tatu ni mwonekano wa ukuta kwa nje, ukitazamwa sawasawa bila ya kitu kupungua kwa umbali. Katika picha ya kamera nguzo ya mbali huwa fupi kuliko ya karibu. Katika mchoro huu kila nguzo hupewa kimo chake, iwe mbali au karibu.

Kisha zikaja kanuni za kupima. Ukipima ukuta wenye madirisha manne, usipime kipande kimoja kimoja na kujumlisha, kwa kuwa kosa la nusu sentimita hukua kila unapoanza upya. Utepe hushikwa pembeni mara moja, na kila kitu husomwa kutoka mwanzo ule ule. Chumba usikiamini kuwa ni mraba mpaka upime mishazari yake miwili, kutoka pembe hadi pembe ya pili. Ikilingana, pembe zimenyooka. Na mahali palipopinda, chagua nukta mbili unazozijua, pima kutoka kila moja hadi kwenye nukta usiyoijua, kisha nyumbani ufungue bikari kwa vipimo hivyo viwili. Pale pinde mbili zinapokutana ndipo mahali pake. Tena msomaji wa utepe husema kwa sauti, na mwandishi huyarudia maneno kabla ya kuandika, kama mwanafunzi anavyomsomea mwalimu wake. Hilo nililipenda, kwa kuwa ndivyo sisi tulivyosomeshwa madrasa.

Ukumbi ulitoka mita 12 kwa mita 8. Mishazari yake ilikuwa mita 14.41 na mita 14.44, tofauti ya sentimita tatu tu. Mafundi waliojenga walikuwa waaminifu.

Ndipo tukaenda upande wa magharibi, kwenye ile pembe niliyoiona Ijumaa. Kutoka pembe hadi ua, mita moja na nusu. Nikasema, "Unaona?" Mpwa wangu akanipa ncha ya utepe na kuniambia nisonge mbele. Nikapita kando ya rundo la kuni, nikazunguka tangi la maji, nikainama chini ya migomba. Nilipofika usawa wa pembe ya mbele, alisoma: mita nne na sentimita ishirini. Nikamwomba asome tena. Akasoma tena, yakawa yale yale.

Ilikuwa hesabu nyepesi. Ukumbi unaopinda nyuzi 13 kutoka kwenye ua, kila unapokwenda mita moja mbele, huliacha ua kwa sentimita 23. Kwa urefu wa ukumbi ule, huzidi mita mbili na nusu. Ile pembe iliyonionyesha kwamba mahali pamefungwa ndiyo iliyokuwa mlango wa mahali palipofunguka.

Tulipokuwa tukiandika vipimo, yule bibi wa Ijumaa alipita na ndoo yake, akachota maji kwenye tangi. Alitukuta, akatusalimia, akaniuliza tunafanya nini. Nikamwambia tunapima nafasi. Akasema kwa upole, "Sisi hupita huku kila siku, Shekhe. Migomba hii ni sisi tuliyoipanda." Basi yale maneno yake mawili ya Ijumaa yakanirudia upya. Alikuwa akijua nilipokuwa nikisema. Wote walikuwa wakijua. Hakuna aliyewauliza, na mimi niliyetumwa kuzungumza nao sikutumia hata dakika moja kuwasikiliza.

Kilichobaki kilikuwa kibanda chao. Mpwa wangu alinitaka nikipime mwenyewe, naye awe mwandishi. Mita 3.10 kwa mita 2. Paa upande wa juu sentimita 210, upande wa chini sentimita 170. Mimi ni mrefu kuliko hapo, kwa hiyo nilipima nikiwa nimeinama, na kwenye pembe ya chini nilipiga magoti. Dirisha hakuna. Ukumbini sauti ya imamu niliisikia wazi. Humo, mtu aliponisomea kwa kujaribu, niliisikia kama mtu aliye chini ya maji. Mpwa wangu akauliza, "Anayesali anahitaji nafasi gani?" Tukakubaliana sentimita 60 kwa 120. Kwa kipimo hicho, hata kwa hesabu ya eneo tu, kibanda hakizidi wanane. Ijumaa ile walikuja kumi na tisa, na kumi na mmoja wao walisali juani wakinisubiri niwafundishe subira.

Usiku tatu tulichora. Kiwanja chote tulikichora kwa kipimo cha moja kwa mia, na ukumbi kwa kipimo cha moja kwa hamsini, yaani sentimita mbili za karatasi ni mita moja ya ardhi. Niliharibu karatasi tatu. Kwanza mistari yangu yote ilikuwa na unene mmoja, na mchoro ukawa kama maandishi yasiyo na nukta. Nikafunzwa kwamba kilichokatwa na msumeno huchorwa kwa mstari mzito, kilicho nyuma yake kwa mstari mwepesi, na kilicho juu ya kichwa, kama ukingo wa paa, kwa mstari wa vipande vipande. Baada ya kuelewa hivyo mkono ulitulia, kwa kuwa kalamu ya mwanzi niliyoandikia khati tangu utotoni nayo ina mzito wake na mwembamba wake.

Katika ramani tuliiacha sehemu nyembamba, mita nne za mwanzo, iwe njia ya kuingilia na mahali pa udhu. Zikabaki mita saba na kitu za urefu, na upana unaoongezeka kila unapokwenda mbele. Tukazipanga safu kwa rula, kwa uelekeo ule ule wa ukumbi, safu ya mbele ikiwa haimtangulii imamu. Tukapata watatu, wanne, wanne, watano, watano na sita. Wanawake ishirini na saba katika mahali nilipowaambia hapapo.

Mkato ulitujibu maswali mengine. Paa la chumba kipya litaegemea ukuta wa ukumbi kwa kimo cha mita 3.20 na kushuka hadi mita 2.40 upande wa ua, kwa hiyo hata mrefu hatainama. Madirisha ya ukumbi upande huo yatakuwa ndani ya chumba, na kwa kuyawekea kimia cha mbao sauti itapita na stara itabaki. Fundi mmoja kutoka Bungoma, aliyekuwa akijenga nyumba ya jirani, aliutazama mchoro na kusema anaweza kuujenga bila ya kuuliza swali zaidi ya moja: maji ya mvua yatamwagikia wapi? Kwa jirani, kama paa lingebaki tulivyolichora. Nchi ile hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na msikiti hauwezi kujengwa kwa kumdhuru jirani. Tukachora mfereji ukingoni mwa paa, maji yarudi kwenye tangi, na tangi lisogezwe nyuma.

Ijumaa ya pili nilisimama mbele ya wazee na karatasi zangu, kisha mbele ya kina mama, nikasema niliyopaswa kusema: kwamba nilihukumu kwa jicho, na jicho langu lilikosa, na ninawataka radhi. Haikuwa rahisi kwa mtu wa umri wangu. Mzee mmoja wa kamati alipinga, tena kwa haki. Alisema utepe umepima hadi kwenye ua, lakini ua ni miti tu iliyopandwa. Mpaka wa kweli ni alama za wapimaji ardhi. Na kwamba mchoro wa Shekhe hauwezi kuwa kibali cha kaunti. Alisema kweli. Ikaamuliwa aitwe mpimaji athibitishe mpaka, na michoro apelekewe msanifu majengo mwenye leseni. Lakini kuni na migomba iondolewe siku ile ile.

Ilipoondolewa, mpwa wangu alipigilia vigingi na kufunga kamba kama ramani ilivyoonyesha. Kina mama wakatandika mikeka ndani ya kamba, na alasiri ya siku ile wakasali humo, bila paa wala ukuta. Nilipoondoka, jengo lilikuwa halijaanza, na mpimaji alikuwa hajafika. Kamba zilikuwa bado zipo.

Njiani nikirudi nilikuwa nikiwaza mambo ya kwetu. Watu waliotoka mbali walikwisha kutupimia nyumba zetu. Peter Garlake alitoa mwaka 1966 kitabu cha majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani hii, kikiwa na ramani za misikiti, na mwaka 1975 Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyezaliwa Iraki, akatoa kitabu chake juu ya mji wa Lamu. Kwa michoro ya namna hiyo kijana wa leo aweza kuona jinsi daka, msana na ndani vilivyofuatana, na kwa nini vyumba vyetu vya kale vilikuwa virefu na vyembamba: boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana. Nawashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini nyumba ya bibi yako, ambayo huenda mwaka ujao ikavunjwa, haimo katika kitabu chochote, na anayeijua vyema ni bibi mwenyewe: ni wapi alipozalia, ni dirisha lipi liliingiza upepo wa kusi, ni mlango upi uliofungwa baada ya msiba.

Nawaomba basi wazazi, likizo hii, mnunulieni binti au kijana wenu utepe na penseli mbili. Apime chumba kimoja, na mishazari yake. Amwite bibi amsomee vipimo, naye arudie kwa sauti kabla ya kuandika. Na sisi tulio katika kamati za misikiti, kabla ya kuwaambia kina mama kwamba nafasi haipo, tuushike utepe, na tuwape wao ncha ya pili.

Wabillahi tawfiq.